Usimsifu haraka mtoto aliyenyamaza ghafla

Kuanzia mashamba ya vitunguu ya Mang'ola wilayani Karatu hadi maboma ya Endulen wilayani Ngorongoro, dawa ya mtoto mkorofi inajulikana: fimbo. Wazee wana na methali yake, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Fimbo yenyewe si haba. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Je, iliwatuliza? Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014, uliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini. Waliochapwa zaidi nyumbani ndio walioonyesha ugomvi na ukaidi zaidi.

Mtoto anayeishi kwa hofu ya kipigo, matusi au kunyimwa chakula hukaa macho muda wote, kama mchungaji aliyesikia fisi karibu na zizi. Mwenzake akimgusa tu darasani, ngumi imesharuka. Usiku hapati usingizi, mchana somo haliingii. Mwalimu anaona uvivu, anaongeza viboko. Mwingine alishaacha kukojoa kitandani, sasa anaanza tena.

Hao angalau wanaonekana. Anayesahaulika ni yule anayenyamaza. Hachezi, chakula anakidonoa, na sauti fulani ikisikika mlangoni anajikunyata. Majirani humsifu kwa adabu. Adabu gani hiyo? Ni woga. Na akiwa mtoto wa kuchunga, anayeshinda na mbuzi tangu asubuhi, nani atagundua kwamba amebadilika?

Si kila badiliko ni ukatili, maana ugonjwa, msiba au kuhama shule navyo humbadili mtoto. Mzazi achunguze lilianza lini, na mtoto anamkwepa nani. Jibu linaweza kuwa chungu, kwa sababu anayekwepwa huenda ni ndugu wa karibu, au mzazi mwenyewe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu za kikatili. Taarifa hupelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu namba 116, bila malipo. Kwa boma lililo mbali na ofisi hizo, wa kwanza kuambiwa huwa bibi, shangazi au mwalimu. Mtoto akianza kusimulia asikatizwe, asigombezwe kwa kuchelewa kusema, wala asiitwe kurudia maneno yake mbele ya anayemtuhumu.