Kamera ya bandani inazimika usiku? Anza na waya

Kosa hili ni langu. Mama mmoja ninayemhudumia alifunga kamera ya volti 12 kwenye banda la kuku, umeme anauvuta kutoka betri ya sola iliyoko nyumbani, mita 40. Nilimwambia waya wa spika unatosha. Mchana picha safi kabisa, usiku inazimika. Wezi wakabeba kuku 11 na hatuna hata picha moja.

Nikarudi usiku na mita ya fundi. Kwenye betri volti 12.5, kwenye kamera 9.8! Kumbe giza likiingia kamera inawasha taa zake za kuonea gizani, inavuta kama ampea 1, na ule waya mwembamba wa 0.5 unapoteza volti njiani. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 80, siyo 40.

Tukaweka waya wa shaba wa 1.5, kamera ikapata volti 11.6. Funga na fyuzi ya ampea 2 karibu na chanya ya betri, na waya upitishe kwenye bomba, maana panya wa bandani hawana huruma. Halafu pima usiku, mchana utakudanganya.

Mama bado ananidai kuku wake. Nimeanza na majogoo wawili.