Seva Iliyogoma Kuzimika (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi ya kuwasha seva ya majaribio kwenye kompyuta yako mwenyewe na kuifungua katika kivinjari kupitia poti 8000. Kuizima ndiko kunakowasumbua wengi. Mtu anataka kuiwasha upya, terminali inamjibu kwamba poti hiyo tayari inatumika, naye anakimbilia amri ambayo kila mwanafunzi wa programu huirithi kwa wenzake: kill -9, ikifuatwa na namba ya mchakato. Hoja yangu ni kwamba amri hiyo ikitangulizwa inaweza kuzaa tatizo lile lile inalodhaniwa kulitibu, na kwamba seva nyingi zinazosemekana zimekwama hazijakwama hata kidogo.

Kivinjari chenyewe ni shahidi. Seva ikiwa imekufa kweli, kivinjari hujibu papo hapo kuwa muunganisho umekataliwa, kwa kuwa hakuna anayesikiliza kwenye poti. Lakini kiduara kikizunguka tu, bila ukurasa wala ujumbe wa kosa, ujue poti bado imeshikwa: mfumo endeshi unapokea maombi na kuyapanga foleni, ila wa kuyahudumia hayupo kazini. Mara nyingi kosa ni la kidole. Ctrl na C hutuma ishara ya kukatiza, na seva hujifunga. Ctrl na Z huisimamisha tu. Terminali inakurudishia nafasi ya kuandika, unadhani umeizima, kumbe imelala na poti yake mkononi. Sasa ukiandika kill na namba ya mchakato, bila ile tisa, huoni badiliko lolote, kwa sababu ishara namba 15 inayotumwa hungoja mchakato uamke ndipo uipokee. Hapo ndipo watu wanapohitimisha kuwa amri ya upole haina nguvu. Kilichotakiwa ni kuandika jobs ili uone kilicholala, fg ili ukiamshe, kisha Ctrl na C.

Wapo watakaosema: hii ni kompyuta ya majaribio, haina wateja, ukatili una hasara gani? Nakubali kwamba data mara nyingi husalimika; hifadhidata kama SQLite imeundwa kuhimili kukatwa ghafla. Hasara iko kwingine. Chukua runserver ya Django. Ikiwashwa kwa kawaida huwa michakato miwili: mzazi anayesimamia kuwasha upya kila faili linapobadilika, na mtoto anayeshika poti. Mzazi akipata ishara ya 15 hufunga kazi na kumwondoa mtoto. Ishara ya 9 haimfikii kabisa. Mfumo endeshi unamfuta bila kumpa hata nafasi ya kusema neno, na mtoto anabaki yatima, poti 8000 ikiwa bado yake. Aliyeandika kill -9 anaona namba aliyoilenga imetoweka, lakini ujumbe wa poti inayotumika uko pale pale. Rails nayo huandika namba ya mchakato wake katika faili la tmp/pids/server.pid; ikiuawa ghafla ndani ya kontena la Docker, ambamo namba 1 huwa hai siku zote, seva mpya inaweza kulisoma faili hilo la zamani, ikadhani ile ya awali bado iko hai, na kukataa kuwaka.

Kuna pia amri ya mkato inayopendwa sana, lsof -ti :8000 inayoungwa na kill -9. Tatizo ni kwamba lsof ikiulizwa hivyo hutaja kila mwenye muunganisho wa poti hiyo, kivinjari kikiwemo, na madirisha yako yote yanaweza kufungwa kwa pigo moja. Uliza kwa usahihi: lsof -nP -iTCP:8000 -sTCP:LISTEN. Kisha soma jina kabla ya kugusa namba. Kwenye Mac zinazotumia mfumo wa Monterey wa mwaka 2021 au wa baada yake, poti 5000, ambayo Flask huitumia kwa kawaida, hushikwa na huduma ya AirPlay. Ukiiua inarudi yenyewe, na hutashinda mchezo huo. Izime kwenye mipangilio au hamisha seva yako poti nyingine.

Hayo hayafuti nafasi ya ishara ya 9. Programu iliyonasa katika mzunguko usio na mwisho, ikapewa ishara ya 15 na sekunde kadhaa bila kutii, inastahili kuuawa. Lakini hata hapo pana mpaka. Ukiandika ps aux kwenye Linux na safu ya STAT ionyeshe herufi D, mchakato unangoja diski au hifadhi ya mtandaoni ndani ya mfumo endeshi wenyewe, na kwa kawaida ishara ya 9 nayo itakaa foleni mpaka kinachongojwa kirudi, au kompyuta izimwe.