Siku ya mwisho Zanzibar: namna tulipanga matembezi yetu peke yetu

Tangu tuweke picha kwenye grupu, wadogo wengi wananiandikia: bahari iko namna gani, hoteli bei gani, boti inakamata masaa ngapi. Ile nitajibu siku ingine. Leo nitaandika juu ya siku moja tu, siku ya mwisho, juu njo siku yenye tulikaribia kuharibu, na njo yenye tunaizungumzia hata leo.

Tulikuwa wanne wa promosio moja. Tulitia pesa likelemba mwaka muzima na zaidi kidogo, kiisha tukaondoka Kalemie na boti mpaka Kigoma, basi mpaka Dar, boti tena mpaka Unguja. (Mbele ya yote: kikaratasi cha manjano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukitoka Kongo bila kile, usijaribu. Na mujulishwe mapema juu ya bima ya safari yenye Zanzibar inaomba wageni tangu Oktoba 2024.) Siku za kwanza tulikaa Jambiani, pwani ya mashariki. Kuogelea, kulala, kula samaki, kuangalia maji inarudi mbali mpaka wamama wanaingia kwa miguu kuchunga mashamba yao ya mwani. Hakuna mengi ya kusema pale. Ni pazuri, basi.

Siku mbili mbele ya kurudi, kijana mmoja akatufikia kwenye mchanga. Alikuwa na maneno matamu. Kwa siku ile ya mwisho alituahidi mashamba ya viungo, kisiwa cha Changuu kuona kobe, na Mji Mkongwe wote, kiisha angetufikisha bandarini. Tukamupa avansi ya dola ishirini. Hatukumuona tena. Watu wa kule wako na jina la vijana wa namna ile: papasi, kile kidudu chenye kinashika kwa ngozi ya mbwa. Sisi wenye diplome za chuo kikuu tulitoa pesa bila kuuliza hata kitambulisho.

Lakini nikifikiri vizuri, hata kama angekuja, ile programu haikuwezekana. Mashamba ya viungo iko inje ya mji. Changuu inaomba boti ya kwenda na ya kurudi. Ni fasi yenye historia kabisa: nyumba ya gereza ilijengwa 1893, lakini badala ya wafungwa ikawekwa wagonjwa, watu wenye kutoka merikebuni wakingojewa kama wako na ugonjwa wa kuambukiza, na wale kobe walitoka Seychelles mwaka 1919. Lakini ukitia hayo yote mu siku yenye uko na boti ya kushika, utatumia siku kuangalia saa.

Njo tukakaa chini na kalamu, tukahesabu kwa kurudi nyuma. Boti yetu ilikuwa ya 16h. Mutu wa pasipoti ya kigeni anapita uhamiaji bandarini, kwa hiyo tufike 14h30. Mbele ya pale, kula na kuchukua mizigo: 13h. Na ilikuwa Ijumaa! Unguja, Ijumaa saa sita na kitu watu wanaelekea msikitini, maduka mengi inafungwa, na muongoza wageni wako naye ni mutu mwenye kusali. Kwa hiyo matembezi inapaswa kuisha mbele ya saa sita. Kumbe ile "siku muzima" yetu ilikuwa masaa matatu na nusu, asubuyi tu.

Ile hesabu ilituonyesha vitu viwili. Kwanza, usiku wa mwisho tusilale Jambiani. Tulale mjini, karibu na bandari, mizigo ibaki palepale. Pili, kwa masaa matatu na nusu huwezi kuona Zanzibar. Uchague kitu kimoja.

Pale njo palikuwa mabishano. Mmoja alitaka viungo, mwingine alitaka kununua kanga. Mimi nikasema: jamani, sisi ni watoto wa wapi? Wawili kati yetu asili yetu ni Maniema. Nyanya yangu alizaliwa Kasongo. Hiki Kiswahili chenye ninawaandikia kilifika kwetu na misafara ya watu wa Unguja, wenye kutafuta pembe za ndovu na watumwa, mu karne ya 19. Walitoka Bagamoyo, Tabora, Ujiji, wakavuka Tanganyika mpaka Mtowa, pale pale karibu na nyumbani, kiisha wakaendelea mpaka Nyangwe na Kasongo. Na sisi tulikuja karibu na njia ileile, kwa basi yenye kupiga filamu usiku muzima. Tutarudi bila kuuliza hata neno moja?

Tukakubaliana. Mara hii mama mwenye nyumba ya wageni alitupa namba ya muongoza watalii mwenye anamujua, mwenye kitambulisho cha serikali. Nilimuomba picha ya kile kitambulisho, hakukasirika. Wenye leseni hawakasiriki. Ujumbe wenye tulimutumia ulikuwa hivi, muuchukue kama unawasaidia:

"Shikamoo kaka. Tuko watu wanne kutoka Kongo, tunaongea Kiswahili. Ijumaa, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 5 na nusu, kwa miguu. Hatutaki viungo wala kobe. Tunataka kujua watu wa Manyema walipita wapi hapa na walienda wapi. Bei yako ni ngapi kwa sisi wanne, na viingilio viko ndani ao inje?"

Muangalie yale masaa. Kwetu tunaandika 8h kama Wafaransa. Kule wanaandika saa 2. Mukichanganya, mumoja atangojea mwingine masaa sita. Na "shikamoo" nayo ina kazi yake. Kwetu tunasema "yambo" kwa kila mutu, lakini kule "jambo" ni salamu yenye wanawapatia watalii wa Ulaya. Siku za kwanza tulisema yambo, wakatujibu kwa Kiingereza. Tulicheka, lakini iliniuma kidogo.

Juu ya bei: mutu wa kukuongoza peke yenu hahesabu vichwa kama kwenye kikundi cha hoteli, anahesabu kazi yake. Alituomba dola arobaini, viingilio inje. Ugawanye kwa wanne, ni kumi kumi. Kikundi cha hoteli kiliomba zaidi ya ile kwa kila mutu, na kingetupeleka kule kwenye kobe. Ukiwa peke yako, hesabu inageuka. Tafuta wenzako mbele ya kutafuta muongozaji.

Ijumaa yenyewe ilianza vibaya. Mwenzetu mumoja aliweka saa ya simu kwa mkono, na simu ilikuwa ingali kwa saa ya Kalemie. Unguja iko saa moja mbele yetu. Alarme yake ya 7h ililia 8h ya kule. Tulifika Mkunazini saa tatu kasoro dakika ishirini, muongozaji amesimama anatungojea na chupa ya maji. Hakusema kitu. Akatoa soko la Darajani kwenye programu, tukaanza.

Mkunazini ni fasi ya soko la watumwa la zamani. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, soko likafungwa, na mwaka uleule Waanglikana wakaanza kujenga kanisa palepale. Aliyesimamia ni Askofu Edward Steere, huyu huyu mwenye alifanya kazi kubwa juu ya sarufi ya Kiswahili. Ndani kuna musalaba mudogo wa mbao ya mti wenye chini yake walizika moyo wa Livingstone, kule Zambia. Watalii wengi wanapiga picha pale. Sisi tulikaa zaidi inje, kwenye shimo lenye sanamu za watu watano, mnyororo shingoni. Ni kazi ya mwanamuke wa Suedi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Watu wale hawaangaliane. Sijui namna ya kusema ingine.

Kiisha kuna vyumba chini ya ardhi, vifupi, giza. Vikundi vyenye kutupita viliambiwa haraka haraka: hapa watumwa walifungwa mbele ya kuuzwa. Muongozaji wetu alingoja vikundi vitoke. Akasema: "Mimi nami huwa naambiwa niseme hivyo. Lakini wako wanahistoria wanaokataa, kwa sababu nyumba hii ya juu ilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa. Nawaambieni yote mawili, nyinyi mmesoma." Kwangu mimi, dola kumi zangu zilirudi palepale. Mutu mwenye watu makumi mbili nyuma yake, na kikundi kingine kinamusukuma, hana wakati wa kusema yote mawili.

Kutoka pale tulikata Mji Mkongwe kwa vichochoro mpaka Shangani, upande wa bahari. Njia ile ilipangwa hivyo kusudi kila hatua itukaribishe Forodhani, na kutoka Forodhani bandari haiko mbali. Shangani kuna nyumba ya Hamed bin Muhammad el-Murjebi. Ninyi munamujua kwa jina la Tippu Tip. Huyu njo aliyetawala Kasongo na inchi nzima ile, na mwaka 1887 watu wa Leopold wakamufanya gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Alirudi Unguja, akaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, akafa 1905. Nyumba haiko musee. Tuliona mulango wa mbao iliyochongwa, mukubwa, umechoka, na nguo zimeanikwa juu.

Muongozaji alianza maelezo yake ya kawaida: mfanyabiashara mkubwa, msafiri, tajiri. Mwenzetu wa Maniema, Muislamu, mwenye familia yao inajiita waungwana mpaka leo, akamukatiza. Akauliza: "Kaka, sisi tulikuwa upande gani?"

Juu jamani, si swali rahisi. Watu wa Maniema walichomewa vijiji, wakafungwa, wakabebeshwa pembe mpaka pwani. Na watu wa Maniema haohao walishika bunduki zake, wakapanda cheo, wakavaa kanzu, wakaenda kukamata wengine. Huku bara jina "Manyema" lilikuwa linaogopesha. Kule pwani lilikuwa jina la watumwa na watoto wao. Dar, Kariakoo, kuna msikiti unaitwa Manyema mpaka leo. Mu familia moja unaweza kupata wote wawili, mwenye kufunga na mwenye kufungwa.

Muongozaji alinyamaza. Akasema, "Hilo halimo katika ratiba yangu. Tukaeni." Tukakaa kwenye baraza ya nyumba ya kando. Yeye hajafika hata Kigoma. Akatuuliza Kasongo iko namna gani, mito gani, watu wanasali namna gani, kama kweli watoto wanazungumza Kiswahili nyumbani ao shuleni tu. Mwenzetu akamuelezea. Naye akatuambia kwamba hapa Unguja wazee wengi hawasemi upesi kama bibi yao alitoka bara. Utasikia asili yetu ni hapa na pale, lakini bara hapana. "Na mtoto akiuliza sana," akasema, "huambiwa akachukue maji." Tulikaa pale karibu dakika arobaini. Kwenye ujumbe wangu sikupanga ile baraza, lakini tuliacha masaa yenye nafasi, na tulikuwa tumelipa mutu mumoja kwa ajili yetu sisi tu.

Saa tano na nusu ikapita, hatukufika Forodhani. Adhana ya kwanza ikasikika. Akasimama, akakunguta kanzu yake, tukamulipa, tukaongeza kidogo (waongozaji wanategemea ile, mutie mu hesabu yenu tangu mwanzo). Akatuonyesha kwa kidole njia ya bandari, akaingia kichochoroni na watu wengine wa kanzu nyeupe.

Tulikula urojo kwa mama mumoja wa kandokando ya njia, tukachukua mizigo, tukafika bandarini 14h20. Foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu. Kama tungekuja saa moja nyuma, boti ingetuacha.

Wakati wa kungojea nilipigia nyanya yangu. Mutandao ulikuwa mubaya, ilibidi nilalamike mara mbili mbili. Nikamwambia tulikuwa kwa nyumba ya yule bwana wa Kasongo. Akauliza kama mulango ungali. Nikasema ungali, nyanya, iko na nguo juu zimeanikwa. Akakaa kimya mpaka nikafikiri unite zimeisha. Kiisha akauliza kama tumekula.