Kulenga Shabaha ya Mbali Huanza na Mwili

Tarehe 2 Julai 1860, katika uwanja wa Wimbledon karibu na London, Malkia Victoria wa Uingereza alifungua mashindano ya kulenga shabaha kwa kupiga risasi ya kwanza. Bunduki ilikuwa imekwisha fungwa imara juu ya chuma na kuelekezwa na fundi Whitworth aliyeitengeneza, naye Malkia alivuta uzi wa hariri tu. Shabaha ilikuwa mbali yadi 400, na risasi ikaingia kiasi cha inchi moja na robo kutoka katikati.

Taabu huanza chuma kinapoondolewa, na bunduki ikashikwa na binadamu mwenye pumzi na mapigo ya moyo. Mashindano hayo yalihamia Bisley mwaka 1890, na huko hulengwa hata yadi 1,000. Ikiwa alama mbili za kulengea juu ya bunduki zimeachana inchi 30, na ile ya mbele ikapotoka sehemu moja tu ya mia ya inchi, risasi itakwenda kombo futi nzima katika umbali huo.

Kwa hiyo mlengaji hulala kifudifudi, kiwiko cha kushoto karibu kabisa na chini ya bunduki, na mkanda umekazwa juu ya mkono huo, ili uzito ubebwe na mifupa wala si misuli. Misuli huchoka, na ikichoka hutetemeka. Shavu nalo liguse ubao mahali pale pale kila mara. (Mwenye kutumia mkono wa kushoto hugeuza haya yote.)

Kisha lipo jaribio ambalo wengi hulipuuza, nalo ndilo kubwa. Mlengaji akiisha kulala vyema hufumba macho, hupumua mara mbili tatu, kisha hutazama. Akiona bunduki imeelekea kando ya shabaha, asiisukume kwa mikono, kwa maana mwili utairudisha ulikopenda wakati ule ule risasi inapotoka. Na aache kiwiko cha kushoto palepale, asogeze nyonga na miguu. Bunduki ikielekea juu mno, ajisogeze mbele kidogo. Ikielekea chini, ajivute nyuma. Kisha afumbe macho tena.

Pumzi ikiisha kutoka nusu, huizuia na kubonyeza kifyatulio polepole. Sekunde chache zikipita bila risasi kutoka, jicho huanza kuona ukungu. Heri kupumua na kuanza upya, ijapokuwa wengi huona haya kufanya hivyo.

Nguvu nyingi si hoja katika kazi hii. Mwaka 1930 Marjorie Foster, mfuga kuku wa Surrey, alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda Tuzo ya Mfalme huko Bisley, akiwapita wanajeshi waliozoea bunduki. Alimzidi mshindi wa pili kwa pointi moja.