Je, Wajua? Mpango wa Data Unaosomeka na Kompyuta

Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Embu au wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru anayekusanya data kwa wakulima hutakiwa na wafadhili wengi aandike mpango: data zitahifadhiwa wapi, nani atazitumia. Aghalabu mpango huo ukishaidhinishwa hulala kabatini. Ni hasara kubwa.

Mwaka 2020, muungano wa kimataifa wa Research Data Alliance ulitoa kiwango cha kuugeuza mpango kama huo kuwa faili la JSON, linalosomeka na kompyuta. Maelezo marefu huvunjwa vipande, kila kimoja na jina lake. Tarehe huanza na mwaka: 2026-03-15. Swali la iwapo data zina taarifa binafsi lina majibu matatu tu: ndiyo, hapana, haijulikani. Jibu likiwa “ndiyo”, mfumo wa chuo unaweza kumkumbusha msimamizi Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 kabla namba ya simu ya mkulima wa Runyenjes haijavuja mtandaoni.

Kinachotoa jasho ni sentensi kama “data zitatunzwa salama.” Kompyuta haiielewi. Lazima mtafiti aseme: seva ipi, miaka mingapi, kwa leseni gani.