Pap ni uwanja: kutazama ndege na watoto wadogo Pap Onditi

Kwa Kijaluo, pap ni uwanja: ardhi tambarare iliyo wazi, yenye nyasi fupi, mahali pa kulishia ng'ombe na kuchezea mpira. Mji wetu unabeba jina la uwanja hata sasa ambapo mgeni akishuka kwenye barabara ya Katito kwenda Kendu Bay huona kwanza maduka, hospitali na ofisi za serikali. Nauzungumzia uwanja leo kwa sababu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la watalii wenye kofia pana, yaani kutazama ndege. Mimi hutazama ndege na watoto wa miaka mitatu hadi saba, wangu na wa majirani. Darubini hatuna, na kwa umri huo haihitajiki. Mtoto wa miaka minne ukimpa darubini atatazama viatu vyake.

Anza na okok, yule mweupe anayetembea na ng'ombe, ambaye kwa Kiswahili ni yangeyange. Ni mkubwa, haogopi sana watu, na hakai mafichoni. Usimweleze mtoto kwa nini ndege huyo anamfuata ng'ombe. Muulize tu: mbona yuko karibu na ng'ombe anayetembea, na yule aliyelala hana mtu? Mwache atazame. Baada ya dakika kadhaa ataona panzi akiruka mbele ya kwato na mdomo wa njano ukimdaka. Hapo amejifunza kazi ya mwanasayansi bila kufundishwa. Msimu wa kuzaa ukifika, mwonyeshe jinsi kichwa na kifua cha ndege yule yule vinavyogeuka rangi ya machungwa. Mkubwa wao mwambie pia kwamba okok alivuka bahari ya Atlantiki kwa mbawa zake, akaonekana Amerika Kusini mwishoni mwa karne ya 19, na leo anafuata ng'ombe wa Brazil na wa Marekani vilevile. Wangu waliuliza kama ng'ombe wa huko wanasikia Kijaluo.

Wa pili ni osogo, yaani kwera. Huyu ndiye ninayempenda zaidi kwa watoto kwa kuwa haondoki: mti wenye viota vyake ni kama televisheni. Dume huchana ukanda wa jani, huufunga kwenye kitawi kwa mdomo na miguu, kisha hutengeneza pete, na kutoka kwenye pete hiyo kiota kizima. Akimaliza huning'inia chini yake akipiga mbawa na kelele ili jike aje kukagua. Jike asiporidhika huenda zake. Kiota kikikaa siku nyingi bila kupata mwenyewe, majani yake yakakauka na kuwa kahawia, dume hukibomoa na kuanza upya. Watoto hucheka sana hapo, na mama mmoja aliyesimama nasi alisema angependa wanaume fulani waje kutazama.

Halafu masikio. Kwarara anajitaja jina akipita juu asubuhi, kwa hiyo hata wa miaka mitatu humjua siku ya kwanza. Dudumizi husikika kichakani kama maji yanayomiminika kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Kumwona ni kazi, lakini kumsikia kunatosha, na watoto humwiga njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua la huku halijakuwa adui. Nusu saa inatosha. Wavalishe viatu vilivyofunika vidole kwa ajili ya nyoka na miiba, na mvua ikiwa imenyesha usiku kaeni kando ya barabara, maana udongo wetu mweusi huvua mtu kiatu. Kiota hakiguswi. Wakichoka rudini, hata kama ndege mzuri ndiyo kwanza amefika.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mtoto wa Nyakach au wa Kano hukutana na ndege kwanza akiwa ameshika manati. Ama anatafuta kitoweo, ama ametumwa kulinda shamba. Simlaumu mkulima. Januari 2023 makundi ya kweleakwelea yalivamia mpunga wa Kaunti ya Kisumu, na aliyepoteza ekari zake hawezi kuambiwa habari za uzuri wa mbawa. Lakini dawa iliyonyunyizwa, fenthion, haimchagui kweleakwelea peke yake; huweza kumuua pia mwewe anayemla aliyekufa. Vivyo hivyo jiwe la manati. Mtoto aliyezoea kutazama hutofautisha kweleakwelea mwenye mdomo mwekundu na okok anayekula panzi wa shamba lile lile. Asiyezoea humwona kila ndege kuwa mwizi. Tofauti hiyo huingia kichwani mapema, kabla ya darasa la kwanza, na mahali pa kuipatia ni uwanjani.

Na uwanja unapungua. Huku kwetu eneo la wazi huonekana kama kiwanja kisicho na mwenyewe, kinachosubiri seng'enge na kibanda. Lakini Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti inashikiliwa kwa niaba ya wakazi wake. Wenyewe ni sisi, na hao wadogo. Pakizungushiwa ua ng'ombe hawaingii. Ng'ombe wasipoingia okok hana sababu ya kuja. Mikutano ya maoni ya umma ikiitishwa kuhusu mipango ya mji, mzazi aliyezoea kwenda pale na watoto ana la kusema ambalo mwenye ramani hana.

Watakapofika miaka minane au tisa, wapeleke Kusa, kwenye kinamasi cha mafunjo kando ya ziwa. Kusa imo kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini, pamoja na Koguta na Dunga. Humo kwenye mafunjo huishi tiva mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa njano, ambaye nje ya mafunjo hana makao. Wakati huo darubini ya kuazima itafaa. Jijini Nairobi kuna matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka wa 1971, na waliowahi kuanza huko bila kujua chochote ni wengi. Sisi tunaweza kuwa na Jumamosi yetu bila kusubiri mtu wa kutuletea.

Kwa sasa tazameni juu ya uwanja jioni. Miongoni mwa opija wanaozunguka wakidaka wadudu wamo mbayuwayu wa Ulaya, ambao kila mmoja hafikii nusu ya uzito wa yai la kuku. Hufika kuanzia Septemba, na kufikia mwisho wa Aprili wengi huwa wameshaondoka. Mwanangu wa miaka sita ameweka alama ya makaa ukutani kila siku aliyowaona, na anataka kujua ni siku gani hataweka.