Utangulizi: Maji Matatu ya Mafuriko

Anayefika Majimoto mvua zikiwa zimekolea hukuta majaruba ya mpunga yamefurika maji na wakulima wana nyuso za matumaini. Hapa ni Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi, katika bonde la Ziwa Rukwa, na maji ndiyo mtaji wa watu. Lakini Rukwa ni ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji. Mito ikishuka kwa nguvu kutoka nyanda za juu, maji hutanda bondeni kabla ya kupata pa kwenda. Hapo mtaji ule ule huingia nyumbani, chooni na kisimani.

Ndiyo maana somo la afya wakati wa mafuriko halianzi kwa kumfundisha mtu kuyaogopa maji. Mkulima wa mpunga ameishi nayo tangu utoto. Tunachomwomba ni kuyatenganisha mafuriko katika maji matatu: yanayokwenda, yanayonywewa na yanayotuama. Kila moja lina njia yake ya kudhuru, na kila moja lina wakati wake.

Maji yanayokwenda huua siku ile ile. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na vipimo vinawaunga mkono: maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimeta 60 hubeba magari mengi. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliwakuta watu wa Katesh majumbani mwao. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule wa El Niño zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya 200,000. Kwa maji haya, tiba ni kuwahi: kusikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, kuhamia mahali palipoinuka kungali mchana, kutovuka mto kwa kubahatisha, na kuwashika watoto mkono.

Maji yanayonywewa husubiri siku chache. Choo cha shimo kikifurika, kinyesi husafiri hadi kisimani, nacho kipindupindu hufuata. Mwaka 1997, ule ambao mvua za El Niño nyingine zilianza, Tanzania ilihesabu wagonjwa zaidi ya 40,000 wa kipindupindu, na zaidi ya 2,000 walikufa. Ni katika kupambana na kipindupindu ndipo taaluma yetu ya afya ya jamii ilipopata mizizi. Mwaka 1854 daktari John Snow alizunguka mtaa mmoja wa London, nyumba hadi nyumba, akiuliza waliokufa walikuwa wakichota maji wapi. Majibu yalimpeleka kwenye pampu moja, na mpini wake ukaondolewa. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis, akiwahudumia wakimbizi wa Bangladesh waliokuwa wamekimbilia India, aliishiwa dripu. Akaanza kuwanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi. Vifo kambini vilishuka kutoka takribani 30 hadi chini ya 4 kwa kila wagonjwa 100.

Elimu hiyo inaweza kutumika hata jikoni. Maji machafu yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa kuwa tope huipunguzia nguvu dawa ya klorini; kisha yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe dawa. Anayeharisha aanze kunyweshwa maji ya chumvi na sukari mara moja, hata akiwa njiani kuelekea zahanati. Kama hakuna pakiti za mchanganyiko huo (ORS), lita moja ya maji salama hutiwa vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Maji yanayotuama ndiyo yenye subira kuliko yote. Watu wamesharudi nyumbani, wanaanika magodoro, na mbu wanazaliana katika madimbwi. Malaria hupanda wiki kadhaa baadaye. Mkojo wa panya ukichanganyika na matope hupitisha ugonjwa ambao Watanzania waliuita homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Anayesafisha nyumba na avae mabuti, afunike vidonda, na apekue kwa fimbo kabla ya kutia mkono, kwani nyoka naye alikuwa akitafuta pakavu. Anayetumia dawa za kila siku, za shinikizo la damu, kifua kikuu au VVU, azihifadhi pamoja na kadi ya kliniki ndani ya mfuko usiopenya maji, mahali atakapoufikia gizani.

Sura zinazofuata zinayachukua maji haya moja baada ya jingine, kisha zinaingia katika Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inayoweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Tumewaandikia wanafunzi wa afya, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watendaji wa vijiji, na mama anayejiuliza kama maji ya ndoo yake ni salama.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, fanya alichofanya Snow. Mwendee mzee au bibi wa kijijini kwako, umwamkie, umwombe akuonyeshe maji yalipofika katika mwaka mbaya kuliko yote anayoikumbuka. Weka alama hapo. Kisha tembea kutoka kwenye alama hiyo hadi kwenye choo chako, kisima chako na mahali wanapolala wanao, uone kipi kiko chini yake. Utakachokikuta chini ya alama ndicho cha kushughulikia kiangazi hiki, wakati ardhi bado ni kavu.